Wageni wa Kompyuta ya Hafidh

Kama unamtafuta mtu wa kukubebea mzigo kwenda Pemba, njoo Wembley umuulizie Hafidh. Usijisumbue kumuuliza kama ana nafasi. Nafasi hana, lakini mzigo atauchukua. Mara ya mwisho alipokwenda nyumbani, begi lake lilijaa dawa za watu, viatu vya watu na blenda ya mtu ambaye hata jina hamjui, na yeye mwenyewe akashuka uwanja wa ndege na shati alilovaa. Likizo nzima alivaa kanzu za marehemu baba yake, na baba yake alikuwa mfupi.

Mie ni shangazi yake, Mwanabaraka, dada wa huyo marehemu mfupi, kwa hivyo nina haki ya kumsema. Siku za mpira watu wanatoka huko wanakotoka, wanakuja kuegesha gari mbele ya nyumba yake kwa sababu yuko karibu na uwanja. Yeye gari lake analipeleka mtaa wa tatu, anarudi kwa miguu, kisha anawatilia chai. Nimemwambia mara ngapi? Ananijibu, "Shangazi, nitawaambiaje?" Utawaambiaje! Utafungua mdomo, utasema la, utafunga mdomo.

Kwetu Pemba ugonjwa huu una jina. Tunauita muhali. Mtu anakuomba kitu, unautazama uso wake, unamkumbuka mama yake uliyemwacha Wete, ulimi unakuwa mzito na lile neno halitoki. Sote tunao kidogo. Hafidh kapewa fungu la ukoo mzima. Mie jioni ananirudisha kwangu Ilford kwa gari, foleni yote ile ya London, kisha anageuza kurudi Wembley, lakini mie shangazi yake, siingii katika hesabu.

Sasa sikiliza. Kijana huyu ndiye mtunza kompyuta wa ofisi ninayofanyia kazi, na kazi hiyo nilimtafutia mie. Ofisi ni ya Bwana Anselm, injinia wa Bukoba, mtu mpole mwenye sauti nene. Tunachora ramani za nyumba, za watu wanaotaka kuongeza chumba kwa nyuma au kulifanya dari kuwa chumba cha kulala. Mie niko mapokezi. Karibu na jiko pana kabati, na ndani ya kabati mna kompyuta moja kubwa inavuma kutwa kucha. Wanaiita seva. Programu ya kuchorea imo humo, na ya kuandikia barua imo humo, na kazi zote zimo humo. Wachoraji wako majumbani kwao, wanafungua laptop zao, wanaingia kwenye seva kwa mtandao, wanaikuta meza yao ya kazi kwenye kioo kama walivyoiacha jana. Laptop ya mtu inakuwa dirisha tu. Shughuli yenyewe iko kabatini.

Na ufunguo wa kabati hilo, yaani kumpa mtu jina la kuingilia na neno la siri, kapewa nani? Kapewa Hafidh. Umeliona balaa lilipo?

Mgeni wa kwanza alikuwa Najla, binti wa Bi Hayat wa Rayners Lane. Kwa huyo simlaumu sana. Najla kazaliwa hapa hapa London, anasomea kupanga majiko na vyumba, na laptop yake ilikuwa kuukuu, akiifungulia programu ya kuchorea inahema kama mtu aliyepanda ngazi na magunia. Hafidh alikuwa keshampenda, roho juu juu. Wanaume wengine huleta maua. Hafidh alimpa jina la kuingilia kwenye seva.

Najla akamwambia mama yake. Bi Hayat anapika sambusa za kuuza, akaona naye apate pa kuandikia vikaratasi vya kubandika kwenye paketi, maana laptop yake haikuwa na programu yoyote ya maana. Bi Hayat akamnong'oneza Mzee Muhiddin, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, naye akapata pa kuandikia matangazo ya mikutano. Mzee Muhiddin akamwambia mwanawe, mwanawe akawaambia rafiki zake, na kila mmoja alikuwa akisema, "Ni mimi tu, Hafidh, wala simwambii mtu." Na Hafidh alikuwa akiwaamini, au akijitia kuwaamini.

Tulipofika hapo ndipo Hafidh alipojikaza akamwambia Najla kwamba anataka kumuoa. Walikuwa wamesimama kituo cha treni cha Rayners Lane. Najla akamtazama, akamwambia, "Nakupenda, Hafidh, sikufichi. But I can't marry a station. Siolewi na kituo, kila mtu anashuka kwako. Siku nitakayokusikia kwa masikio yangu unamkatalia mtu mmoja, mmoja tu, basi mlete shangazi yako aje kuposa. Kabla ya hapo usinitajie." Treni ikaja, akapanda, akaenda zake.

Hafidh akaja kwangu macho yamemwiva.

"Shangazi, nifanye nini?"

"Kataa mtu."

"Nimkatae nani?"

"Yeyote! Anza na mie. Tufanye mazoezi. Nitakuomba kitu, na wewe useme la. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hafidh, hebu niletee maji ya kunywa."

Akainuka akaniletea. Na barafu kanitilia. Nilimtazama, nikayanywa.

Mambo yakaenda hivyo hivyo, Najla anangoja, Hafidh anakonda, mpaka asubuhi ile ya printa. Ofisini tuna printa moja ndefu kama kitanda, ya kuchapia ramani kubwa kubwa. Nilikuwa naweka chai, nikaisikia inaanza kutoa karatasi, nami nikajua ni kazi ya wachoraji. Ikatoa. Ikaendelea kutoa. Bwana Anselm akaenda kutazama, akarudi ameishika karatasi kwa mikono miwili ameitanua, mwenyewe haonekani uso wala kifua, naona miguu tu. Na mbele yake pameandikwa kwa herufi kubwa kama mlango: SAMBUSA ZA NYAMA. ZIPASHE MOTO KABLA YA KULA.

Lo! Nilishika mdomo. Bi Hayat, yuko jikoni kwake Rayners Lane, kabonyeza mahali pa kuchapa bila ya kuchagua printa, na seva ikampelekea vikaratasi vyake kwenye printa iliyoizoea. Kila kikaratasi shuka zima. Na alikuwa kaomba nakala za kutosha biashara ya mfungo unaokuja.

"Hafidh, kijana wangu," ile sauti nene ikasema nyuma ya karatasi, "hizi sambusa ni mradi wa mteja gani?"

Hafidh hakujua kusema uongo mbele ya macho ya mtu, hilo nimshukuru Mungu. Alisema yote. Alipomaliza, Bwana Anselm aliiweka ile karatasi juu ya meza yangu, ikanifunika mpaka magotini, akavuta kiti akakaa.

"Unajua Ijumaa tunakaguliwa leseni?"

"Najua, bosi. Lakini wao hawaigusi programu ya kuchorea. Wanaandika tu. Ila Najla."

"Hafidh. Unaijua sheria yao kuliko mimi. Umewaweka wote kwenye kundi moja na wachoraji?"

"Ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi."

Bwana Anselm akafumba macho. Mie nikaingilia kati, maana siwezi kunyamaza watu wanapozungumza mbele yangu. Nikauliza, kwani tatizo liko wapi? Programu si moja, iko kabatini, hailiki ikaisha? Si kama sinia, mnakaa mnakula, akizidi mtu mnasogeleana?

"Mama Mwanabaraka," akasema, "sinia ni hiyo hiyo moja. Lakini wenye sinia hawahesabu matonge. Wanamhesabu kila aliyekaa mkekani na kunawa mikono, hata kama hakumega kitu. Anayeweza kuifungua programu anahesabiwa, aifungue asiifungue. Sisi tumelipia leseni za wachoraji wetu, basi. Mkekani kwangu wamejaa watu wa Pemba, wamekwisha nawa, na mimi sina habari."

Hapo nikaelewa, na nikaona haya kwa niaba ya kisiwa kizima.

Hakumfukuza. Angekuwa mwengine angemfukuza. Alimwambia maneno mawili matatu tu: kabla ya Ijumaa kila asiyekuwa mfanyakazi atoke kwenye seva, uandikwe ukweli kwamba walikuwamo na wametolewa, na mlango usifunguliwe tena kwa mtu yeyote. "Na uwaambie mwenyewe," akamaliza. "Ni watu wako, ni wakubwa zako. Usiwafungie mlango usoni kimya kimya."

Unafikiri alifanyaje? Alifunga mmoja mmoja, hilo alifanya, na kila aliyefungiwa akapiga simu, na kila aliyepiga simu nikamsikia Hafidh akimjibu kwa sauti ya msiba: "Kompyuta imeharibika, mzee wangu. Kubwa yenyewe. Hatujui itapona lini." Uso kwa uso uongo haumtoki, lakini mpe simu! Muhali wa simu una tabu yake. Mzee Muhiddin akamwambia pole, akamwambia atamsomea. Mwengine akataka kumtuma shemeji yake fundi wa friji aje aitazame. Na Bi Hayat, masikini, akaona kijana wa watu kaharibikiwa na kazi, akatuma bakuli zima la sambusa ofisini kumpoza roho. Sote tukala. Bwana Anselm naye akala, akasema ni tamu, na akashangaa kwamba zinapikwa ndogo namna ile.

Siku zikaenda, akabaki mmoja tu ndani ya seva. Unamjua.

"Bado Najla," nikamwambia.

"Natafuta maneno, shangazi."

"Yatafute upesi. Ijumaa ni kesho."

Hakuyatafuta mbali, maana maneno yalimjia yenyewe kwa miguu. Alasiri ile Najla akaingia mlangoni kwetu, laptop kwapani, mtandio umemwangukia mabegani kwa haraka. Hakunisalimia vizuri. "Shikamoo Bi Mwanabaraka, Hafidh yuko wapi?" kwa pumzi moja. Hafidh akatokea kabatini na waya mkononi, macho kwenye waya, si kwa Najla.

"Najla, karibu. Unajua, kompyuta imeha—"

"Usithubutu!" Najla akasema. "Mama yangu yuko nyumbani, kakaa juu ya msala anakuombea dua kompyuta yako ipone. Anaomba kwa machozi, Hafidh. Na mimi niko pembeni yake, niko ndani ya hiyo hiyo kompyuta, nachora. Nimwambie nini?"

Wallahi nilitamani kucheka, lakini nikajitia kupanga kalamu. Hafidh rangi ilimtoka. Akauweka waya chini.

"Haijaharibika," akasema.

"Naona."

"Nimewafungia. Wote. Kesho tunakaguliwa leseni, na hamtakiwi kuwamo. Sikuwa na njia ya kumwambia mama."

"Na mimi?"

"Wewe umebaki wa mwisho."

Najla akashusha pumzi, hasira ikampungua kidogo, akaweka laptop juu ya meza yangu. Sauti yake ikageuka. Mie ni mwanamke, sauti ile naijua, nami nikajua Hafidh kwisha habari yake.

"Sawa. Nimeelewa. Mama nitamwambia mimi. Lakini mimi nataka mpaka Jumatatu tu. Jumatatu nawasilisha jiko langu chuoni, ndiyo mtihani wangu wa mwisho, na bado sijamaliza. Mpaka Jumatatu, Hafidh, kisha nifunge. Mimi si watu. Mimi ni mimi."

Nikamtazama Hafidh. Nikaiona ile "sawa" inapanda kooni, nimeiona maisha yake yote, naijua inakopita. Akameza mate. Akatazama kabati. Chumba cha pili Bwana Anselm akaacha kugonga herufi, nikajua na yeye anasikiliza.

"La," akasema Hafidh.

"La nini?"

"La, Najla. Sikuachii."

"Huwezi?"

"Naweza. Kubonyeza tu. Lakini sitofanya."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Jioni ya leo nakufunga. Hifadhi kazi yako kabla sijafunga."

Hakuongeza kitu. Hakusema samahani, hakusema mtandao, hakusema bosi kaniambia. Kasimama tu, masikio mekundu. Najla alimtazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoizoea akaikuta ina mlango. Akachukua laptop yake, akaurudisha mtandio kichwani, akatoka, na mlango wetu ambao huwa unajifunga taratibu yeye aliusaidia.

Hafidh akakaa kwenye kiti changu, mie nikiwa wima.

"Nimemkosa, shangazi."

Nilimkasirikia, nisikudanganye. Wapemba wote hawa, wenye blenda, wenye gari za mpira, mafundi wa friji, hakuweza kumkatalia hata mmoja, amengoja, amengoja, neno lake la kwanza la kukataa akaenda kumpiga nalo mwanamke anayemtaka! Nikataka kumwambia, badala yake nikamtilia chai. Kisha akachukua simu, akampigia Bi Hayat mbele yangu.

"Mama, ni mimi Hafidh. Kompyuta haikuharibika. Nilisema uongo. Nimekufungia kwa sababu haikuwa haki yangu kukufungulia. Nakuomba radhi."

Nikasikia sauti ya Bi Hayat kwa mbali, "Na sambusa zangu mmekula?"

"Tumekula, mama."

Simu ikakatwa.

Ijumaa wakaguzi wakakagua. Wakaulizia wale waliokuwamo, Bwana Anselm akawaeleza kweli, wakamwonya kwa maandishi na mambo yakaishia hapo. Ofisi ikapumua, ila Hafidh. Mwisho wa wiki nilimpikia pilau, akachokoa nyama akaiacha. Kwa Hafidh kuacha nyama, nilikaribia kumwita daktari. Najla hakupiga simu, na yeye hakumpigia, na siku ya mpira watu wakaegesha gari zao mbele ya nyumba wakamkuta amekaa mlangoni anawatazama tu, wakaona vibaya, wakaziondoa.

Jumatatu jioni nafunga mapokezi, mkoba uko begani, Hafidh kashika ufunguo wa gari ananingoja kama kawaida. Mlango ukafunguliwa taratibu. Najla. Macho mekundu, usingizi hana, kajikalia kwenye kiti cha wateja bila ya kukaribishwa.

"Nimemaliza," akasema. "Nimekwenda chumba cha kompyuta cha chuo, nimechora mpaka mlinzi kaja kunitoa, na leo nimewasilisha. Jiko langu limewapendeza."

"Alhamdulillahi," akasema Hafidh, kwa sauti ndogo.

"Usinishukurie Mungu kwanza. Nilikulaani sana. Mama naye alikulaani, kisha akasema angalau uongo wako umeukiri mwenyewe, akaacha." Akamkazia macho. "Nilikwambia nini pale kituoni?"

Hafidh akayatoa kama aya aliyoihifadhi: "Mpaka unisikie kwa masikio yako namkatalia mtu mmoja."

"Nilisema mtu gani?"

"Hukusema."

"Ningejua, ningesema!" Hapo akaanza kucheka, na kulia, vyote pamoja, kajifunika uso na mtandio. "Nilidhani utamkatalia Mzee Muhiddin, nikae pembeni nifurahi. Sikujua linauma hivi. Haya. Nimelisikia. Shangazi, njooni Jumapili."

Shangazi! Siku zote naitwa Bi Mwanabaraka. Nilisahau hasira zote, nikapiga kigelegele humo humo ofisini, Bwana Anselm akatoka mbio kudhani printa imeanza tena. Hafidh kasimama, anacheka bila ya sauti, hajui mikono aiweke wapi.

Basi nikafuta machozi, nikauvuta mkoba wangu vizuri. "Haya, Hafidh, tutazungumza njiani. Twende Ilford, miguu inaniuma."

Akanitazama. Akamtazama Najla. Akameza mate.

"La, shangazi," akasema. "Leo nampeleka Najla."

Najla akaitazama sakafu. Bwana Anselm akarudi chumbani kwake haraka haraka. Na mie, niliyemlea, niliyemtafutia kazi, niliyemfundisha mwenyewe kwa mdomo wangu, nikatoka nikaenda zangu kituoni, nikasimama ndani ya treni mpaka Ilford, maana hapakuwa na pa kukaa.